Penda, Pendelea

Chukua kitenzi "penda". Ukikinyumbulisha kama tulivyozoeshwa darasani unapata pendwa, pendana, pendeza, na ukisogea kidogo unafika kwenye "pendelea". Hapo simama. Kutoka "enda" tulipata "endelea", yaani kwenda na kuzidi kwenda. Mimi si mwanaisimu, lakini sioni dhambi kucheza na lugha yangu: huenda basi kupendelea ni kupenda na kuzidi kupenda, hadi kuvuka mahali ambapo ilitakiwa mtu akanyage breki. Upendo na upendeleo wamelala tumbo moja. Mmoja tunamkatia keki ukumbini, mwingine tunamwandikia barua za malalamiko zisizo na jina.

Swali langu, ndugu msomaji, ni hili. Je, mtu anaweza kumpenda mfanyakazi mwenzake asimpendelee? Na kama hawezi, anakosea, au anafanya tu kile ambacho neno lenyewe linamdai?

Niondoe kwanza mezani lile zito. Bosi anayemtaka sekretari wake, mkuu anayekalia barua ya mtu ya kupandishwa cheo mpaka "tuonane jioni", huyo simzungumzii. Waandishi wetu wamemshughulikia. Tangu Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, tumesoma habari za msichana na mkuu wa chuo chake. Sheria nazo zimemshughulikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la ajira au cheo. Pale ambapo "hapana" ya mmoja inaweza kumnyima ugali, hapana mapenzi ya kujadili. Pana ubabe uliojipaka manukato.

Mimi nataka jepesi. Watu wawili wa ngazi moja, mshahara karibu sawa, hakuna mwenye mke wala mume, hakuna anayemsimamia mwenzake. Wanapendana. Kuna ubaya gani? Kijiweni ukiuliza hivyo utajibiwa: "Ubaya uko wapi sasa? Waache vijana." Na mimi nilikuwa upande huo huo wa kijiwe, mpaka nilipoanza kuangalia rula.

Nilikuwa fildi, wiki nane, katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, kwenye mji mdogo mkoani Tanga. Anayeijua miji ile ya kando ya reli na barabara kuu, Muheza, Korogwe, Mombo, hahitaji kuelezwa zaidi: stendi, soko, machungwa kwa msimu wake, mkonge unaoanzia pale nyumba zinapoishia, na milima ya Usambara inayokutazama kama mzazi asiyesema kitu. Supu nzuri ya asubuhi inapatikana mahali pamoja tu, kwa hiyo wadeni na wadai, waliogombana na waliopatana, wote hupigana vikumbo kwenye benchi lile lile. Katika mji wa namna hiyo siri haikai. Muuza vitumbua anajua umeachwa kabla wewe hujajua.

Masjala alikuwapo kijana mmoja, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, mwandiko wake mzuri kama wa kadi ya mwaliko. Tulimwita Kaka Masjala. Stoo alikuwapo dada mmoja, mcheshi, mwenye kucheka kwanza ndipo afungue kufuli. Huyu tulimwita Dada Stoo. Wao wenyewe waliitana "kaka" na "dada" kwa heshima iliyozidi kiasi, na ndiyo iliyowaumbua. Watu wasio na jambo huitana kwa majina, au kwa miluzi. Hawa ilikuwa "Samahani dada, naomba kuuliza kama ile rimu imeshapatikana," na "Bila samahani kaka, ipo, niliitunza."

Niliitunza! Mapenzi yao hayakugunduliwa kwa busu. Yaligunduliwa kwa rimu ya karatasi. Idara nyingine zilikuwa zinachapisha nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, mhasibu alikuwa anagombania wino, lakini masjala majalada yalikuwa mapya, ya kijani, kama yametoka kiwandani jana. Mzee mmoja wa ugavi, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuwa anapita mlangoni pa masjala na kusema kwa sauti, "Humu ndani pameota nyasi." Tunacheka wote. Kaka Masjala anainamia faili.

Nikiri kwamba nililifurahia jambo lile. Ofisi ya serikali saa tano mchana, feni imekufa, nzi mmoja anazunguka juu ya trei ya barua zinazoingia. Halafu unamwona kijana anatembea na dokezo kutoka masjala hadi stoo, hatua ishirini, amelishika kwa mikono miwili kama anabeba yai. Dokezo linahusu dawa ya mbu. Kwani nani ana moyo wa jiwe kiasi cha kuikasirikia safari hiyo?

Sasa rula.

Wasiowahi kufanya kazi serikalini niwaeleze. Kazi inaanza saa 1:30 asubuhi. Mlangoni, au masjala, linakaa daftari la mahudhurio. Unaandika jina, unaandika saa uliyofika, unatia saini. Ikifika saa 1:30 mtu aliyekabidhiwa daftari anachukua rula na biro nyekundu, anapiga mstari. Walio juu ya mstari wamewahi. Walio chini wamechelewa. Huo ndio utaratibu wote, na ni utaratibu mzuri maana mstari hauangalii sura. Aliyekabidhiwa daftari pale kwetu alikuwa Kaka Masjala.

Dada Stoo alikuwa anakaa mbali, na nyumbani kulikuwa na mama mgonjwa wa presha ambaye ilibidi anywe uji na dawa kabla binti hajatoka. Kwa hiyo alikuwa anafika saa 1:33, saa 1:35, siku ya mvua saa 1:40. Na Kaka Masjala alikuwa hapigi mstari. Saa 1:30 alianza kuitafuta biro nyekundu. Ilikuwa mfukoni. Saa 1:31 aliifuta rula kwa leso. Saa 1:32 alisimama dirishani kuangalia kama mvua itanyesha, hata katika mwezi wa Januari ambao pale jua linapasua mawe. Dada akiingia, akisaini, akisema "Asante kaka," ndipo mstari unapigwa, umenyooka, mzuri, kama vile hakuna lililotokea.

Tukaanza kuzifaidi dakika zile. Ofisi nzima ilijua ina dakika tano za bure. Mimi mwenyewe nilikuwa namalizia chapati yangu kwa raha. Mapenzi ya watu wawili yalikuwa yamegeuka mali ya umma, mvua inayowanyeshea wote, na mtu angeweza kujenga hoja nzuri kabisa hapo: kwamba upendo wa kweli haukai kwa mwenyewe, unafurika, unawafaa hata wasiohusika. Ningeandika makala hiyo na ingependeza.

Ila palikuwa na mama mmoja mhudumu.

Huyu alikuwa wa mkataba wa muda. Alikuwa anafika kabla ya sisi wote, saa kumi na mbili na nusu, anafagia, anapiga deki, kisha anakwenda kuchota maji nyuma kwa sababu mabomba ya ndani yalikuwa makavu, anabandika chai. Masjala ilikuwa haifunguliwi mpaka saa moja na robo, kwa hiyo hakuweza kusaini alipofika. Alikuwa anasaini akipata nafasi, mikono imelowa, anaifuta kwenye khanga kwanza asije akaharibu daftari. Siku nyingi aliwahi. Lakini siku nyingine maji yalichelewa, akawa anakuja kutoka nyuma saa 1:36, na mstari umeshapigwa saa 1:35. Kwa nini saa 1:35? Kwa sababu Dada Stoo amefika saa 1:34.

Unaona kilichotokea hapo? Mstari haukuwa tena wa saa 1:30. Ulikuwa mstari wa Dada Stoo. Kaka Masjala alimsubiri mtu ambaye hayupo, na hakumsubiri mtu ambaye alikuwa ndani ya jengo tangu alfajiri, anambandikia chai. Na sidhani kama alijua. Hakuwa na ubaya na yule mama. Alimwamkia shikamoo kila siku kwa adabu zote. Alikuwa tu anasikiliza viatu vya mtu mmoja, na ukisikiliza viatu vya mtu mmoja husikii ndoo.

Nilimwuliza mama siku moja kwa nini asiwaeleze. Alinijibu bila uchungu wowote: "Mwanangu, mimi saa yangu ni yule dada. Nikimwona anaingia getini, najua nimeshachelewa."

Mistari mitatu ndani ya mwezi mmoja ilitosha mtu kuandikiwa barua ya kujieleza. Akaandikiwa. Barua kama hiyo haipotei hewani. Inaingia kwenye faili la mhusika, inapewa namba ya folio, na mkataba unapofika ukingoni anayeamua kuuongeza anafungua faili na kuhesabu. Mwezi Juni wenzake waliongezewa mwaka mzima. Yeye aliongezewa miezi mitatu. Aliyeandika namba ya folio juu ya barua ile, kwa mwandiko ule mzuri, nadhani huna haja ya kuambiwa.

Hapa ndipo wepesi uliponiishia. Mwaka 1793 Mwingereza mmoja, William Godwin, aliandika kitabu kikubwa juu ya haki katika siasa, na ndani yake akaweka mfano ambao umewakera watu hadi leo. Nyumba inaungua. Ndani wako wawili: Fénelon, askofu mkubwa na mwandishi, na mtumishi wake wa kike. Unaweza kumwokoa mmoja tu. Godwin anasema mwokoe Fénelon, maana ana manufaa kwa watu wengi zaidi. Na kama yule mtumishi ni mkeo? Mwokoe Fénelon. Kama ni mama yako? Fénelon! Godwin haoni ni uchawi gani uliomo ndani ya kijineno "wangu" hata kiweze kuipindua haki. Katika matoleo ya baadaye alimbadilisha mtumishi akawa wa kiume na mama akawa baba, lakini hoja ikabaki pale pale.

Mtu wa namna hiyo ungemkabidhi daftari la mahudhurio bila wasiwasi. Lakini huyo huyo Godwin alimpenda mwandishi mwenziwe, Mary Wollstonecraft, wakaoana mwaka 1797, na baada ya kuoana aliendelea kupanga vyumba karibu na nyumbani ili kila mmoja afanye kazi zake kwa nafasi. Wollstonecraft alifariki mwaka huo huo, siku chache baada ya kujifungua. Mwaka uliofuata Godwin alitoa kitabu cha maisha yake, akaandika mpaka mambo ambayo mume mwenye tahadhari angeyafukia, na watu wakamshangaa. Simcheki. Namtaja kwa sababu mtu aliyeona kwamba "wangu" si hoja alikuja kuwa na wake, na hakuacha kuwa mtu wa haki kwa ajili hiyo. Alitenga vyumba. Kumbuka hivyo vyumba, nitavirudia.

Mimi Godwin simfuati motoni. Nyumba ikiungua na mama yangu yumo, askofu atanisamehe. Lakini daftari la mahudhurio si moto. Hakuna anayekufa. Hapo hakuna kisingizio cha kusema moyo ulinituma. Na jambo lingine: motoni ninaokoa kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hatari yangu mwenyewe. Kaka Masjala alikuwa anatoa nini? Dakika tano ambazo si zake. Rimu ambayo si ya Dada Stoo. Ukimnunulia mpenzi wako chapati kwa mshahara wako umependa. Ukimnunulia kwa muda wa ofisi umependelea, na kuna mtu fulani, mara nyingi wa chini kabisa, ambaye analipia ile chapati bila kujua bei yake. Wazee wa siasa walitufundisha kwamba cheo ni dhamana, tukadhani wanawasema mawaziri. Hata biro nyekundu ni cheo.

Ajabu ni kwamba tuna neno la mtu anayewajaza ndugu zake ofisini, "undugunaizesheni", neno refu na la dhihaka ambalo likitamkwa tu watu wanajua dawa yake. Kwa wapenzi hatuna neno. Tunatabasamu.

Dada Stoo aliijua habari kwa bahati. Mama mhudumu alikwenda stoo kuchukua sabuni, akasema yale maneno ya saa yake kama mzaha, na Dada Stoo, ambaye hucheka kwanza, safari hii hakucheka. Kesho yake alifika mapema kuliko siku zote. Alifika saa 1:25. Hakuingia. Alisimama nje kwenye kivuli cha mwembe, sote tukimwona, Kaka Masjala akimwona kupitia dirisha lake la mvua. Saa 1:30 ikafika, ikapita. Mama mhudumu akaja na mikono yake iliyolowa, akasaini. Saa 1:33 Dada Stoo akaingia, akaenda moja kwa moja mezani.

"Nipige mstari."

"Dada, mbona ulikuwa..."

"Nipige mstari, kaka. Juu yangu."

Mzee wa ugavi, ambaye hakosi neno, alikosa neno. Rula ikawekwa. Mstari ukapigwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale haukunyooka. Chini yake Dada Stoo akaandika jina lake lote, herufi kubwa.

Ingekuwa hadithi ya mapenzi ningekomea hapo, na wewe ungefunga gazeti ukiwa umeridhika. Lakini wiki mbili zilizofuata zilikuwa kasheshe. Kaka Masjala alikuwa mtu mwingine. Saa 1:30 kamili, pa, mstari. Akija Dada Stoo saa 1:31, hata kama wengine watatu wako nyuma yake, macho yake yako kwake tu. Maombi ya stoo yakaanza kurudishwa kwa kosa la nukta. Ofisi ikamwona mnoko. Na mimi nikakumbuka wale wenzetu tuliosoma nao msingi ambao mama zao au baba zao walikuwa walimu pale pale shuleni. Mnawakumbuka? Darasa zima limekosa, anachapwa mtoto wa mwalimu, na fimbo yake ni ya kwanza na ndiyo inayosikika. Ili mseme mwalimu hapendelei. Kumbe mwalimu yule bado hajaliona darasa. Anaona mtoto wake tu, kwa mkono mwingine. Huo nao ni upendeleo, umevaliwa nje ndani.

Kwa hiyo kumpiga mstari mpenzi wako hakukufanyi kuwa mtu wa haki. Hakimu anayemfahamu mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha uadilifu wake kwa kumfunga miaka mingi zaidi. Anatakiwa ajitoe kwenye kesi, faili liende kwa mwingine. Ndiyo vile vyumba vya Godwin. Sidhani kama tunaweza kuuamuru moyo usipendelee, na hata tungeweza sijui kama huo ungekuwa moyo wa kutamanika. Nani anataka kupendwa na mtu ambaye kwake ni sawa na foleni nzima? Tunachoweza ni kuiondoa mikono yetu mahali ambapo moyo umeshaingia. Kaka Masjala hakupaswa kumpenda Dada Stoo kidogo zaidi. Alipaswa kuikabidhi rula.

Lakini hapo hapo pana mtego, na sitaki kuupita kama sijauona. Ili uikabidhi rula lazima useme kwa nini. "Mkuu, naomba daftari apewe mwingine, kwa sababu mimi na dada wa stoo..." Katika mji ambao kila mtu anajua, hakuna aliyekuwa ameambiwa. Na kujua bila kuambiwa ni raha sana: hakuna anayelazimika kufanya lolote. Mkuu anajua ila hajui. Siku akiambiwa, anajua kweli, na anaweza kuamua mmoja ahamishwe. Halafu mzigo wa kusema haulingani. Kaka akisema, wanaume kwenye benchi la supu watampiga bega. Dada akisema, kuna watakaouliza hizo rimu zilianza lini na ziliishia wapi. Mwanamke analipa bei mbili kwa bidhaa ile ile, na mimi ninayeandika "tangazeni, tangazeni" nikiwa nimekaa kwangu salama ninapaswa kulijua hilo kabla sijapandisha sauti. Na bado nasema waseme. Kwa sababu wao wakinyamaza bei hailipwi na mji, wala na mkuu. Inalipwa na mwenye ndoo.

Walisema. Nilikuwa nimeshaondoka, fildi yangu imekwisha, nilisimuliwa. Waliingia kwa mkuu pamoja, yeye akiwa na shati lake la pasi, na mkuu akajifanya kushtuka kwa ustadi mkubwa. Daftari akapewa mzee wa ugavi. Mzee yule, ambaye miaka yote alikuwa anacheka kuliko sote, alikuwa anapiga mstari saa 1:29 kwa saa yake ya mkononi, na ofisi nzima ikawa chini ya wino mwekundu kwa wiki moja mpaka mkuu alipoingilia kati. Yule mama akapewa ruhusa ya kusaini anapomaliza kubandika chai, maana hatimaye kuna mtu aliyeuliza anafika saa ngapi. Mkataba wake ulipokwisha tena sikupata habari zake. Wanaosimulia mambo ya mapenzi huwa hawafiki huko.

Nyinyi mnaoandika hadithi, na najua gazeti hili husomwa zaidi na watu wenye hadithi kwenye droo: mapenzi ya ofisini yanaandikika vizuri sana, yana madirisha, yana mafaili, yana chai ya saa nne. Ila mkiandika, angalieni nani ameileta hiyo chai, na alisaini saa ngapi.

Walioana. Kamati ya harusi ilikaa ofisini, tena saa za kazi, nami nililetewa kadi ya mchango kwa simu. Mwaka uliofuata Dada Stoo alihamishiwa wilaya nyingine, kwa mahitaji ya kazi kama inavyoandikwa siku zote, na Kaka Masjala akaandika barua ya kuomba uhamisho ili amfuate mwenza wake. Sasa barua ya mtumishi haimfikii mkuu kwa miguu yake yenyewe. Inapokelewa masjala, inagongwa mhuri, inapewa namba, inawekwa kwenye faili, na faili linapangwa kwenye rundo linaloingia kwa mkuu. Siku hiyo lilikuwapo rundo kubwa, maombi ya watu wa likizo, wa matibabu, wa uhamisho kama yeye, baadhi yao wamesubiri wiki tatu. Na masjala alikuwa peke yake.

Nilimpigia nikamwuliza aliiweka juu au chini. Alicheka, akaniuliza kama huku kwetu mvua zimeanza.